Mti wa kumbukumbu mmeupima wapi: kwenye chupa, kwenye panya au kwa watu?

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Tanga.

Naomba nafasi kidogo, najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii nakuombeni mniachie maana jambo lenyewe haliingii kwenye mistari mitatu. Ni hizi habari za miti shamba ya ubongo na kumbukumbu. Kila ukifungua gazeti, si lenu tu, yote, ukifungua simu ndo usiseme, ukipita sokoni Mgandini kuna spika imefungwa juu ya gari inapiga kelele tangu asubuhi, unasikia mti fulani "umethibitishwa kitaalamu" unazuia usahaulifu, unarudisha akili za mzee, unamfanya mtoto wa darasa la saba ashike masomo. Umethibitishwa na nani, kwa kiumbe gani, hapo kimya. Mie ombi langu ni moja na nitalirudia hata mkinichoka: mkituandikia kwamba mti umepimwa, mtuambie umepimwa kwenye chupa ya maabara, kwenye panya au kwa watu. Basi.

Na asije mtu akasema huyu msomi uchwara anadharau dawa za babu zake. Nimezaliwa Tanga hii, nimefukizwa, nimeogeshwa majani, nimenyweshwa mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Tena mie ndo nawaambia watu kwamba katika zile dawa nne tano ambazo madaktari duniani wanawapa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaowasahaulisha wazee, mbili asili yake ni mimea. Moja inaitwa galantamini, imetoka kwenye kiua kidogo cheupe cha Ulaya, Wabulgaria waliishughulikia tangu miaka ya 1950 na Marekani wakaipitisha kwa ugonjwa huo mwaka 2001. Haiponyi, tusidanganyane, inamsaidia mgonjwa kwa muda tu. Lakini imepimwa kwa watu, na kinachofanyika ndani ya mwili kinajulikana.

Ya pili ndo inanifurahisha zaidi kwa sababu ni ya kwetu Afrika. Kusini mwa Nigeria, upande wa Calabar, kuna harage lenye sumu ambalo zamani walikuwa wanalitumia kwa kiapo. Mtu akishukiwa uchawi analazimishwa kulinywa, akitapika yuko salama, akifa basi alikuwa mchawi. Wazungu wakalichukua, mwaka 1864 wakaitoa ile sumu yenyewe na kuipa jina fisostigmini, na baada ya zaidi ya miaka mia moja wanakemia wakaifuatisha wakatengeneza dawa nyingine inaitwa rivastigmini, ikapitishwa Marekani mwaka 2000, kazi yake kumsaidia mzee anayepoteza kumbukumbu. Sasa hebu fikirini, Mhariri, harage la kuwakamatia wachawi limezaa dawa ya wazee wanaosahau, na sisi mpaka leo katika nchi hii bibi kizee akianza kuongea peke yake na kutoka nje usiku bila kujua anakokwenda kuna mahali anaitwa mchawi na anauawa. Nikiliwaza hili nashindwa hata kumalizia chai.

Dawa hizo mbili zinafanya kazi moja. Ubongo una kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine, inaitwa asetilikolini, na kuna kimeng'enya kinachoivunja ikishafikisha ujumbe. Kwa mgonjwa wa Alzheimer ile kemikali inapungua, kwa hiyo ukikizuia kile kimeng'enya kisiivunje haraka, kidogo iliyobaki inakaa muda mrefu. Ndo maana maabara nyingi zikitaka kupima mti wa kumbukumbu zinaanzia hapo. Wanachukua dondoo la majani au mizizi, yaani viini vyake vilivyokamuliwa, wanalitia kwenye kichupa pamoja na kile kimeng'enya na kemikali nyingine, kama mti haufanyi kitu mchanganyiko unageuka njano, kama mti unakizuia njano inachelewa au haiji. Njia hii ipo tangu 1961, si ghali sana, mwanafunzi wa chuo anaifanya vizuri tu. Na hapo ndo habari inapotoka mbio kuja gazetini, mti wetu unazuia kimeng'enya cha usahaulifu!

Jamani, dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, zile za kupulizia, zinafanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho hicho. Mdudu anatetemeka anakufa kwa sababu ujumbe haukatiki. Sasa kama kuzuia peke yake ndo ushahidi, si tungewapa wazee dawa ya kupulizia nyanya? Chupa inakwambia mti una kitu. Haikwambii kitu hicho kikipita tumboni na kwenye ini kitabaki, haikwambii kama kitavuka kuingia kwenye ubongo maana ubongo una ukuta wake unaochagua cha kupita, wala haikwambii dozi ya kumsaidia mtu na dozi ya kumuua ziko mbali kiasi gani. Mfano ni manjano, hii binzari yetu ya kila siku, kwenye chupa inafanya maajabu lakini ukiila ile kemikali yake kuu inaingia kwenye damu kidogo mnoo.

Haya, tuje kwa panya. Kuna beseni kubwa la duara, maji yametiwa kitu kama unga wa maziwa yawe meupe asione chini, na ndani kuna kijukwaa kimezama kidogo hakionekani. Panya hapendi maji, anahangaika anazunguka mpaka akigonge kile kijukwaa apande apumzike. Wanamrudisha tena na tena wanahesabu sekunde, na mwenye kumbukumbu nzuri baada ya siku chache anakwenda moja kwa moja. Mtindo huu ulianzishwa Uingereza na Richard Morris miaka ya mwanzo ya 1980 na umeenea kila mahali. Lakini ili kupima dawa ya kusahau kwanza lazima panya asahau, na moja ya njia za kumsahaulisha ni kumchoma skopolamini. Mnajua skopolamini iko kwenye nini? Mnanaha! Huu huu mnanaha unaojiotea majalalani kwetu, ambao wazee walikuwa wanatukataza hata kuuchezea maua yake maana ukila unachanganyikiwa, unaongea na watu wasiokuwepo, na unaweza kufa. Kwa hiyo panya anapewa kiini cha mnanaha, akishapotea anapewa dondoo la mti unaopimwa, au anatanguliziwa mti kwanza, halafu anatiwa majini.

Ni akili sana, sikatai. Ila panya yule hana Alzheimer, amelewa mnanaha kwa saa chache. Ubongo wa mzee wa miaka 78 umeharibika pole pole kwa miaka mingi, mishipa imekakamaa, seli zimekufa, na seli iliyokufa hairudi. Dawa inayomuamsha panya aliyelewa inaweza isimfae kabisa huyu. Mkiandika "imethibitishwa" kwa sababu ya panya mnatuuzia nyumba ambayo ina msingi tu.

Na hata mti unaopendwa dunia nzima unaweza kuanguka ukifika kwa watu. Mti wa ginko wa Uchina, wale wanaouza dawa za lishe wote wanaujua, unauzwa kwa ajili ya kumbukumbu miaka na miaka. Marekani wakachukua wazee 3,069, umri kuanzia miaka 75, nusu wakapewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku na nusu wakapewa kidonge tupu kisicho na kitu, mpokeaji hajui, anayempima hajui, wakafuatiliwa kiasi cha miaka sita. Matokeo yakatoka 2008, ginko haikuzuia ugonjwa wa usahaulifu. Watu walikuwa wanaapa kwamba inawasaidia! Ndo maana ya kidonge tupu hiyo, mtu akipewa dawa na matumaini anajiona ana nafuu, mtoto wake naye anamwona ana nafuu, mpaka ulinganishe.

Upande mwingine kuna zafarani. Iran walifanya utafiti, ukatoka 2010, wagonjwa 54 wa Alzheimer, wengine zafarani miligramu 30 kwa siku na wengine dawa ya hospitali inayoitwa donepezili, kwa wiki 22, wakakaribiana. Watu 54 ni wachache na hakukuwa na kundi la kidonge tupu, kwa hiyo kesi haijaisha, lakini ni watu, si chupa. Sisi Waswahili zafarani tumeiandikia makombe, aya kwenye sahani, tangu enzi, mtu akiwa hajitambui anaandikiwa anakunywa. (Ingawa siku hizi nyingi ni rangi ya pilau tu, na anayeandika anajua, na anayekunywa anajua.)

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mtu wa mahesabu, madeni ya watu wote alikuwa nayo kichwani hana haja ya daftari. Miaka ya karibuni ameanza kusahau. Anaswali adhuhuri, anakunja msala, anakaa barazani, baada ya muda anauliza, "Adhana imeshatoka?" anakwenda kutawadha tena. Tunamwambia mjomba umeshaswali, anakasirika. Kwenye grupu la ukoo basi kila mtu kawa mganga, huyu kaleta mlonge, huyu habasoda, huyu anasema ni jini la ukoo linataka kupungwa. Mmoja wetu kwa nia njema kabisa akanunua pakti kwa muuzaji mmoja, shilingi elfu 15, nimeishika mkononi, unga wa kijani uliokwenda kwenye kijivu, karatasi imetolewa fotokopi: ubongo, kumbukumbu, presha, sukari, kiuno, nguvu za kiume na mvuto wa biashara. Jina la mti hakuna. Tarehe ya kuisha hakuna. Lakini chini kwa herufi kubwa imeandikwa IMETHIBITISHWA KITAALAMU, na muuzaji akatoa sharti kwamba dawa za hospitali zisichanganywe. Mjomba ana presha. Akaacha vidonge vya presha.

Tuliligundua kwa sababu alianza kulalamika kichwa, tukampeleka akapimwa, presha iko juu mno. Alhamdulillahi haikufika kwenye kiharusi. Lakini oneni kichekesho, presha ndo mojawapo ya vitu vinavyoharibu ubongo vinavyojulikana waziwazi! Marekani mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 9,000 wenye presha, walioshushwa chini zaidi, ile namba ya juu isifike 120, walipata kwa uchache usahaulifu wa hatua za mwanzo kuliko walioshushwa kwa kiwango cha kawaida. Kwa hiyo mjomba alikuwa nayo nyumbani dawa ya kulinda ubongo wake, iliyopimwa kwa watu, ya bei ndogo, akaiacha akanywa unga usio na jina. Kama mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, kikombe cha babu wa dawa ya kila ugonjwa shilingi mia tano, foleni ya magari kilomita na kilomita, na kuna waliorudi wakaacha ARV, zile dawa za ukimwi.

Ile pakti nikampelekea mzee mmoja wa Muheza, mganga wa miti, si wa ramli. Akamwaga kidogo kiganjani, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi akatema. "Hii ina uwatu, ina habasoda, na kingine sikijui, mwanangu. Na mimi nisichokijua simpi mtu." Nikamuuliza basi wewe una mti wa kumbukumbu? Akafikiri. Akaniambia anao wa mtu aliyechanganyikiwa kwa homa, anao wa kifafa, anao wa kumtuliza asiyelala, lakini mzee anayesahau mpaka jina la mwanawe wao hawakuwa wanamtibu, walikuwa wanasema amezeeka, wanamwekea mtu wa kumchunga. Mie jibu hilo liliniingia kuliko makala zote, maana mganga mwenyewe mwenye miti yake hakudai. Wanaodai ni wenye spika. Akanieleza pia kwamba mzizi wa kiangazi na wa masika si sawa, wa bondeni na wa mlimani si sawa, na mti mmoja gome ni dawa na mbegu ni sumu. Mtaalamu wa maabara angekwambia hayo hayo kwa maneno mengine, kwamba lazima ujue kiasi cha kemikali kilichomo kwenye kila fungu, la sivyo leo unampa mgonjwa dozi na kesho unampa majani matupu.

Ndo nakuja kwenye hoja kwamba hapa kwetu hatua ya mwisho, ya watu, inawezekana. Tusijifanye maskini wa kila kitu. Tuna misitu ya Amani ambako Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea tangu 1902, hata miti ya kwinini waliipanda kule. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapo Tanga na Muheza. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipopimwa kuanzia 2009 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe, Korogwe yetu hii, kwa hiyo kumpima mtu kwa utaratibu, kuomba ridhaa yake na kumfuatilia miaka, watu wetu wanajua. Na ushirikiano na waganga si jambo geni, ukimwi ulipotupiga miaka ya 1990 madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga wa jadi walikaa meza moja, kile kikundi cha ukimwi cha TAWG, wazee wengi wa Tanga wanaikumbuka. Dar kuna taasisi ya tiba asili pale Muhimbili, kuna kituo cha NIMR Mabibo. Sheria ya tiba asili ipo tangu 2002 na baraza lake lipo. Ila kusajiliwa na baraza ni jambo moja, kuonyesha kwamba dawa inalinda kumbukumbu ni jambo jingine kabisa, na wauzaji wanayachanganya makusudi.

Kupima kumbukumbu ya mzee wa Kitanzania nako kuna njia, msiseme mpaka mashine za Ulaya. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walifanya utafiti nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka 2013, wakakuta kama asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa usahaulifu. Na kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, huwezi kumwambia bibi aandike au ahesabu kurudi nyuma halafu useme hana akili, ukatengenezwa mtihani unaofaa, mojawapo ni kupangiwa njiti za kiberiti kwa umbo fulani na kuambiwa apange kama hilo. Njiti za kiberiti! Pangani hakuna kiberiti?

Lakini na hapo kwenye kupima, waganga wawekewe maandishi. Sisi Tanga tumeshaibiwa mchana kweupe. Lile ua zambarau la kwenye vyungu linalouzwa Ulaya na Marekani nzima limetoka huku, mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akampelekea baba yake Ujerumani, likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Tanga tumebaki na nini? Dunia imeshakubaliana kule Nagoya, Japani, mwaka 2010 kwamba mwenye mmea na mwenye elimu ya mmea apate fungu lake, basi yule mzee wa Muheza asichukuliwe mizizi yake kwa soda na nauli.

Nyie wa magazeti gharama yenu ni ndogo, mstari mmoja tu chini ya kila habari ya mti: umepimwa wapi, kwa wangapi, ulilinganishwa na nini. Na mkipokea tangazo linalomwambia mgonjwa aache dawa za presha au sukari, msilipokee hata likilipiwa ukurasa mzima.

Mjomba amerudi kwenye vidonge vyake, bado anasahau, hilo halijabadilika. Tumeambiwa kuna sababu nyingine za kusahau ambazo zinatibika, upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo, huzuni kubwa, hata baadhi ya dawa anazokunywa mtu, kwa hiyo apimwe zote kabla ya kumwita mgonjwa wa Alzheimer au mwenye jini. Sasa tumezunguka tukaelekezwa huku na huku. Kama kuna daktari wa hapa Tanga anasoma gazeti hili naomba atujibu kwenye ukurasa huu huu: mzee anayesahau aanzie wapi, kliniki ipi, siku gani, na vipimo hivyo vinapatikana hapa au mpaka Dar?

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga